Kikombe Kimoja kwa Kila Nyumba

Profesa hakutoa jibu akiwa amesimama. Hata mvua ikiwa inakuja kutoka upande wa ziwa, hata dereva akipiga honi barabarani, yeye alitafuta pa kukaa kwanza. Kama hakuna kiti, alikalia jerikeni. Kama hakuna jerikeni, alikalia gogo au tofali, na siku moja alikalia beseni la plastiki lililofunikwa kifudifudi, likapasuka naye, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki iliyofuata alirudi kwenye nyumba ile na mabeseni mawili mapya kichwani, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa makaratasi.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Natoka upande wa Uvira, naishi Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale huku Uganda, si mbali na kituo kikuu cha Base Camp, na mdomo wangu ndio ulionipa kazi: Kiswahili chetu cha Kongo, Kifuliiru cha mama yangu, Kirundi nilichookota sokoni, na Kifaransa cha darasa la sita. Kiingereza nilikipata kwake yeye, pamoja na ugonjwa wa kuchelewa chakula cha mchana. Yeye alikuwa mama wa Mbarara, mwalimu wa chuo kikuu na mtafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, ule ugonjwa unaoanza kimyakimya ndani ya mwanamke miaka mingi kabla hajasikia maumivu yoyote. Kwa muda wote niliomjua alikuwa na hasira moja ya kikazi. Huko nchi tajiri wanawake hupimwa mapema na kupona. Huku kwetu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na vitabu vinavyoeleza ugonjwa huo vimeandikwa kwa kuwachunguza wale wa huko.

"Kitabu kubwa hivi," aliniambia siku moja, akipima unene wake kwa vidole. "Mimi nasoma yote mpaka mwisho. Kashojwa hapana ndani. Sasa daktari atajua nyinyi namna gani?"

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mwanamke hupewa kijiti chenye brashi laini pamoja na kichupa. Anaingia nyuma ya pazia, anajichukulia mwenyewe ute wa ndani kwa ile brashi, hakuna wa kumtazama, anatoka na kichupa chake. Vichupa vinawekwa kwenye sanduku la barafu na kupelekwa maabara Mbarara, kutafutwa kirusi kinacholeta ugonjwa. Baada ya wiki kadhaa majibu yanarudi Nakivale, na Profesa anayapeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa nyuma yake na bahasha. Anasema, natafsiri. Halafu anauliza maswali yake mawili, daima hayo hayo: "Amesikia? Ana swali?" Hakuinuka mpaka mwanamke aulize angalau swali moja, hata kama ni la kumuuliza Profesa ana watoto wangapi.

Niliseme sasa hivi, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mimi niliyewaambia wanawake wa kila mtaa wasiogope, mwenyewe sikuwa nimepima. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huo kule kwetu, kabla hatujakimbia, na sisi hatukujua hata unaitwaje. Mimi ndiye niliyemfulia vitambaa vya damu. Siku ya kwanza niliposikia Profesa akitaja dalili, nilikuwa natafsiri na huku namwona mama kitandani, na sauti ikanikatika katikati ya sentensi. Tangu siku hiyo nilikiogopa kile kichupa. Niliogopa sana, sina namna nyingine ya kulisema.

Profesa hakuniuliza sauti ilikatika kwa nini. Lakini kila duru, tulipokuwa tukigawa vifaa, aliacha mezani pangu bahasha moja isiyo na jina, kijiti na kichupa vikiwa ndani. Mwisho wa duru nilimrudishia ikiwa imefungwa vilevile. Aliipokea, akaitia kwenye mkoba, akasema asante. Duru iliyofuata bahasha ilikuwa mezani tena. Miaka saba tulicheza mchezo huo na hatukuutaja hata siku moja.

Sasa, Kiswahili chake. Alikiokota kwa askari na wanunuzi wa ng'ombe, watu wasio na muda wa tafadhali. Siku alipofika Kashojwa mara ya kwanza alisimama karibu na bomba la maji, akapaza sauti: "Nyinyi mama yote! Kuja hapa! Kaa chini! Kila mtu natoa jina!" Nusu ya wanawake walibeba jerikeni zao hata hazijajaa wakaanza kuondoka. Bibi mmoja akainua mikono juu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji, sina habari na utafiti wala saratani, nikacheka mpaka nikaona haya, nikawaita: "Bamama, murudi! Munganga anasema karibu, mukae fasi hii, anaomba tu majina yenu. Hakuna mambo."

Wakarudi. Profesa akanigeukia.

"Mimi nasema hivyo?"

"Ndiyo, Mama, sawa na hivyo."

"Wewe, kesho unakuja kazi."

Kwa miaka iliyofuata aliamini kwa dhati kwamba Kiswahili chake kimekuwa laini, maana wanawake walikuwa wakimchekea na kumkaribisha ndani. Siku moja alisimama Base Camp peke yake kununua ndizi, akafika kwetu akilalamika kwamba watu wa Base Camp hawana adabu, eti ameongea nao vizuri kabisa na wao wamenuna. Nikamwambia pole sana, Profesa.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Angemngoja mama amalize kupalilia mstari mzima wa maharage, lakini printa ya ofisini ikichelewa kidogo aliipiga kofi. Aliwashauri watu wote wapunguze sukari, na akifika nyumbani kwako anaizungusha chai kwa kijiko akitafuta sukari iliyobaki chini. Na aliogopa sindano. Siku watumishi wote walipotakiwa kuchanjwa, mwanasayansi wetu alilizunguka gari mara mbili kama mtu aliyepoteza funguo. Mwishoni alikuja, akamshika dereva bega kwa nguvu, akafumba macho, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Daktari gani huyu!

"Ndiyo, mimi naogopa," akawaambia huku akishusha mkono wa blauzi. "Lakini nimekuja."

Kuanzia siku hiyo aliacha kuwaamuru wanawake wasiogope. Alisema tu, "Ogopa, lakini kuja." Katika maneno yake yote, hayo ndiyo pekee niliyoyatafsiri bila kuyatia sukari.

Kosa lake kubwa tulilifanya pamoja, na lilihusu kukaa. Duru ya kwanza ya majibu, tulikaa kwa kila mtu kadiri ya habari yake. Mwenye jibu zuri, dakika mbili, hongera, tunaondoka. Mwenye kirusi, tulikaa na kueleza polepole, kwamba hii bado si saratani, kwamba atakuja kituoni, ataangaliwa, na kama kuna alama itachomwa kwa kifaa cha moto mdogo na atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tuliona tunafanya vizuri. Tulisahau kwamba Nakivale nyumba zimetazamana, na kwamba mgeni mwenye gari akiingia kwa jirani, mtaa mzima unajua ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Kwetu sisi watu wa vita, mgeni wa makaratasi akikaa sana ndani ya nyumba, ni habari ya kifo.

Tulikaa sana kwa Mama Spesioza. Yeye ni Mrundi, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, anauza mandazi mkabala na nyumba yangu. Kabla ya jioni mtaa ulikuwa umeshapiga hesabu. Keshoyake mandazi yake yalilala kwenye beseni, na siku ya tatu alivuka njia akaja kusimama mlangoni pangu, mikono kiunoni.

"Mmenikalia mpaka jua likahama!" akasema. "Sasa watu wanasema Spesioza ni wa kuzikwa, na mandazi ya mgonjwa nani atakula? Mwambie huyo Dogiteri wako, hata angeniambia nimesimama kwenye mvua ingekuwa afadhali!"

Nilimpigia Profesa simu Mbarara nikamtafsiria kila neno, na safari hii sikupunguza. Asubuhi iliyofuata gari lake lilisimama mbele ya kibanda cha Mama Spesioza, si pembeni, mbele kabisa. Alishuka, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo hata walio bombani waliisikia, akaketi kwenye benchi na kuanza kula mandazi. Alikula asubuhi ile mandazi mengi kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akila. Watu walipita wakitazama. Baadaye wakaanza kununua, kwanza watoto, halafu wengine. Mama Spesioza alikutwa na ile alama, akachomwa wiki hiyo hiyo akapona, ila hadi leo anasema kilichomponya ni aibu kumtoka.

Kisha Profesa akaja kwangu na daftari. "Mwambie yeye," akasema, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu, maana ulimi wake ulikuwa umezoea kuanza hivyo, "mwambie, sasa kila nyumba, kikombe moja. Jibu nzuri, kikombe moja. Jibu mbaya, kikombe moja. Hapana mbili."

Ndivyo tulivyofanya kuanzia hapo. Tulipiga hodi, tukakaa, tukapewa chai, au uji, au maji ya moto yenye tangawizi kwa wasio na majani. Funda la kwanza, jibu. Halafu kikombe kinanywewa mpaka mwisho, taratibu, kwa mwendo uleule, na hakuna cha pili hata ukisihi kwa magoti. Na ili mambo yalingane, tulirudi kwa wale wote waliopata dakika mbili, tukakaa upya. Mtaa ulikosa kabisa cha kupigia hesabu. Profesa naye alivijua vyoo vyote vya Kashojwa, akavipanga kichwani kwa ubora, na mwenye choo kizuri alitembelewa katikati ya ziara.

Mambo haya alikwenda kuyaeleza mpaka ng'ambo, kwenye mikutano ya watafiti. Alirudi akilalamika kwamba walimuuliza mengi kuhusu mashine na hakuna aliyeuliza kuhusu chai.

Mgeni mmoja wa huko alikuja Mbarara kutaka kushirikiana naye, mtu mpole, mwenye heshima zake. Alitaka vichupa visafirishwe kwa ndege vikapimwe kwao, na matokeo yatoke kwenye jarida la kisayansi. Nilikuwa nimekaa pembeni ofisini nikipanga bahasha. Profesa na mgeni wote walijua Kiingereza, lakini Profesa alipokasirika Kiingereza kilimkimbia, akanigeukia mimi.

"Mwambie, nani analeta jibu Kashojwa?"

Nikamuuliza. Mgeni akasema majibu yatachapishwa, yatasaidia dunia nzima.

"Mwambie Spesioza hapana soma hiyo gazeti. Mwambie kama kichupa inapanda ndege na jibu hairudi, basi kichupa inalala Mbarara."

Mgeni akaondoka, na fedha zake zikaondoka naye. Mwaka ule tulibeba sanduku la barafu nyuma ya boda, nikiwa nimelikumbatia kama mtoto mchanga, na wenzake chuoni walimwambia Profesa ni mkaidi. Alikuwa mkaidi kweli. Niliwahi kumkuta ofisini akitazama ukuta, akaniambia hajui kama amefanya vizuri au ameharibu. Lakini yule mgeni alirudi baadaye, akaleta mashine yenyewe ikae Mbarara, na akaomba kwenda nasi kugawa majibu. Tulimkalisha mkekani nyumba baada ya nyumba. Alipofika ya nne aliniuliza choo kinaitwaje kwa Kiswahili, na ndilo neno la kwanza alilojifunza.

Mwaka jana Profesa alistaafu. Kazi ya kugawa majibu ilikwenda kwa mwanafunzi wake, binti mtulivu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko mwalimu wake, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu. Wiki ya mwisho kabla hajarudi kwenye migomba yake Kaberebere, mji mdogo ulio kati ya Mbarara na Nakivale, alinipigia simu niende Mbarara. Nilidhani ni kwa ajili ya makaratasi. Kumbe alitakiwa kutolewa damu, mambo ya presha na sukari, na alikuwa ameahirisha mara tatu.

"Unakuja kushika mimi mkono," akasema.

Basi nikaenda. Alikaa kwenye kile kiti cha maabara, nywele nyeupe, amezoea kuwa upande wa pili wa meza, akanibana vidole mpaka vikaniuma. Mwanafunzi wake ndiye aliyeshika sindano. Profesa alifumba macho akaanza kusali kwa Kinyankore, haraka haraka. Ilipokwisha alifungua jicho moja, akatazama ile damu, akavuta pumzi. Hakunigeukia kuniambia neno. Hakusema "umeona?" Alisema tu ana njaa.

Nilirudi nyumbani, bahasha isiyo na jina ikiwa mezani kama kawaida. Usingizi ulinipotea. Asubuhi, mume wangu, Baba Aline, alipokwenda shambani, nilivuta pazia nikafanya mwenyewe lile nililowaeleza wengine miaka saba. Lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Kwenye karatasi inayofuatana na kichupa kuna mstari wa kuandika unataka nani akuletee jibu. Niliandika: Profesa.

Alikuja Jumanne moja, wiki kadhaa baadaye, mstaafu, juu ya boda kutoka Kaberebere, ameshikilia mkungu wa ndizi kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine. Nilimwona tangu mbali. Nilijaribu kumsoma usoni na sikuona kitu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kujifunza kutoonyesha kitu. Akapiga hodi. Akakaa. Nikampa chai, nusu ikamwagika kwenye sahani. Miaka yote nilijua majibu kabla ya mwenye nyumba, kwa kuwa bahasha zilikuwa mkononi mwangu. Sasa nilijua jinsi lile funda la kwanza linavyochelewa.

Akanywa. Akaweka kikombe chini.

"Mwambie," akaanza.

Akatazama huku na huku. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Nilidhani atajicheka na kuanza upya, lakini alinitazama machoni akaendelea, polepole.

"Mwambie ile dudu iko. Mwambie hii bado hapana kansa. Kesho anakuja kituo, tunaangalia, kama iko alama tunachoma. Anarudi nyumbani kupika. Mwambie yeye amekuja mapema sana."

Kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia kwa Kifuliiru, kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyowaambia wengine, na nilipofika kwenye "mapema" nikamkumbuka mama, ambaye hakupata mtu wa kumwambia hivyo. Nililia. Profesa hakunishika wala hakunibembeleza. Alikunywa chai yake kwa mwendo uleule.

"Amesikia?"

"Amesikia, Profesa."

"Ana swali?"

Nikajifuta uso kwa kanga. "Anauliza kama mgeni ataongeza chai."

Profesa akakitazama kikombe kilichokwisha, halafu mlango uliokuwa wazi, na ng'ambo ya njia Mama Spesioza aliyekuwa anageuza mandazi yake huku shingo imeelekea kwetu. "Hiyo hapana sheria," akasema.

"Profesa amestaafu. Na hii ni nyumba yangu."

Akasogeza kikombe mbele. Nikamjazia, nikamtilia sukari, akanywa na cha pili chote. Tuliongea habari za migomba, na za printa ya ofisini, ambayo sasa eti inafanya kazi vizuri kwa sababu hakuna wa kuipiga.

Boda ilipokwisha kuondoka naye, Mama Spesioza alivuka njia kabla vumbi halijatulia. Alikuwa hajafuta mikono unga.

"Vikombe viwili," akasema kwa sauti ya chini. "Nimehesabu. Mama Aline, vikombe viwili!"

Ningeweza kumdanganya. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka bombani walikuwa wamepunguza mwendo.

"Cha kwanza kilikuwa cha jibu," nikasema, na sikushusha sauti. "Niko na kirusi, kesho ninaenda kituoni kuangaliwa. Cha pili kilikuwa cha mgeni wangu."

Mama Spesioza alinitazama, akawageukia wale wawili mpaka wakaendelea na safari yao. Kisha akarudi kibandani kwake, akachukua kibao chake cha bei kilichoandikwa kwa chaki, akakigeuza uso ukutani.

"Kesho sipiki mandazi," akasema. "Tutatoka saa mbili, mimi na wewe."